Usiongee na Dereva

Baba alikuwa mshika bendera kule Dolní Vrbka,
kituo cha njia mbili, benchi moja, na saa isiyodanganya.
Reli ilimlisha, naye akatulisha kwa ratiba:
uji saa kumi na mbili na dakika nne,
baada ya treni ya makaa ya mawe,
supu ya utumbo jioni,
wafanyakazi wa kiwanda cha matrekta wakishashuka,
na ole wake atakayegusa kijiko kabla ya kengele.

Kaka yangu Radim aliota lami.
Utotoni alichora barabara ukutani,
barabara zisizo na kona, zisizo na mtu.
Akakua, akavaa fulana ya rangi ya chungwa,
akaenda kumwaga zege kwenye barabara kuu iendayo Praha,
ile inayokarabatiwa tangu babu na bibi wachumbiane
na hadi leo kipande kimefungwa,
samahani kwa usumbufu.

Nguzo ya kumi na tisa ilisimama katikati ya miplamu yetu.
Baba hakumlaumu mtu. Alisema tu:
"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.
Huyu nimemlea kandokando ya chuma.
Lami aliinusa wapi?"

Reli yetu haikufungwa kwa kishindo.
Ilifungwa kwa karatasi iliyobandikwa kwa pini nne.
Abiria wa mwisho walikuwa watatu na mbwa,
na mbwa alikuwa na tiketi.
Baba akainua bendera, akaishusha,
akaikunja polepole kama shuka la marehemu.
Juu ya bonde malori yaliendelea kunguruma,
ya Kipolandi, ya Kihungari, ya Kituruki,
hayampigii mtu honi ya salamu.

Mimi niliangukia katikati.
Naendesha tramu mjini Brno.
(Wenyeji huiita šalina. Ukisema tramu
watakudhani umetoka Praha, watakununia.)
Chuma changu kimelala ndani ya lami,
mke mwenza wa magari,
kila taa ya kijani tunaigombania.
Nawasubiri wanafunzi wakimbiao na mkate mdomoni,
namsubiri Bi Vlastimila na fimbo yake,
na nyuma ya kisogo changu kuna kibao:
USIONGEE NA DEREVA.

Miaka tisa baba hakusafiri kwa chochote.
Kisha Januari moja, theluji ikianguka kama unga unaochekechwa,
nikamwona kituoni, koti la reli, vifungo vyote sita.
Radim ndiye aliyemleta kwa gari.
Walipopita juu ya miplamu, alifumba macho.

Akapanda. Akakisoma kibao. Akanyamaza.
Huyo ni mtu wa ishara, haivunji hata moja.
Kwenye kioo nilimwona:
kila reli ilipogawanyika
mkono wake ulisogea kidogo gotini,
kama avutaye wenzo.

Penye mteremko wa sokoni gari moja jeupe
lilikuwa limekwama juu ya reli, magurudumu yakizunguka bure.
Nikapiga kengele. Abiria wakaguna, wakashuka kusukuma.
Baba naye akashuka, lakini hakusukuma.
Alikwenda akasimama mbele ya tramu yangu,
akavua glovu yake nyekundu, akainua juu.
Nani asiyeijua ishara ile?
Mimi niliijua kabla ya kujua kusoma.
Breki nikaikanyaga hadi mwisho, ingawa tulikuwa tumesimama.

Gari likatoka. Akatazama kushoto, akatazama kulia,
akashusha glovu.
Nikapita.

Kituo cha mwisho watu walishuka wote, yeye akabaki.
Sasa tramu ilikuwa haiendi, aliweza kuongea.
Akatazama saa yake.
"Umechelewa sekunde arobaini."
"Andika, baba," nikasema kwa mzaha.

Akatoa daftari mfukoni, lile la Dolní Vrbka, lenye jalada la kijani,
akalamba penseli, akaandika chini ya treni ya mwisho,
mstari uliofuata, bila kuruka:
Tramu. Sekunde arobaini. Sababu: gari jeupe.
Dereva wake hakuomba radhi.